Mkanda mweupe

Jumatatu moja ya mwezi Machi, saa tatu kasoro usiku, muuza vipuri vya magari alirudi nyumbani kwake Tabata akiwa na begi jipya mgongoni. Watoto wake watatu walikuwa sebuleni wanaangalia tamthilia. Alikaa kwenye kochi, akafungua begi kutafuta chupa ya maji, na mkanda mweupe ukaporomoka hadi sakafuni.

Televisheni iliendelea kuongea peke yake. Mtoto wa mwisho, binti wa miaka sita, aliutazama mkanda, akamtazama baba yake, akauliza kwa sauti ndogo: "Baba, nimefanya nini?"

Kaka yake wa miaka 14, aliye kidato cha pili, hakuuliza kitu. Aliinuka taratibu, akaingia chumbani, akarudishia mlango.

Baba alicheka. Alieleza kwamba ule si mkanda wa kuchapia, ni wa kufungia koti la mazoezi, ameanza mchezo unaitwa jiu-jitsu. Akaufunga kiunoni juu ya shati la kazini ili waone. Binti alicheka naye, kwa kuchelewa kidogo. Mama yao, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, hakucheka.

Kwa miezi kadhaa baba huyo alikisimulia kisa hicho kama kichekesho. Alikisimulia dukani, akakisimulia mazoezini. Ilimchukua muda kuacha.

Ana miaka 43. Duka lake liko Kariakoo, upande wa Gerezani, na kwa miaka 15 kazi yake imekuwa kukaa. Anakaa kwenye foleni ya magari akienda, anakaa nyuma ya kaunta, anakaa tena kwenye foleni akirudi. Mchana hula wali nyama wa mama lishe na kushushia kwa soda. Januari alipokwenda kupima kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kinamuuma kila jioni, mizani ilisoma kilo 98 na shinikizo la damu likasoma 150 kwa 95. Daktari hakumtisha. Alimwandikia dawa, akamwambia apunguze chumvi, aanze mazoezi, arudi baada ya mwezi.

Alijaribu kukimbia alfajiri. Siku ya kwanza alikimbizwa na mbwa wa jirani. Siku ya pili alikimbia mwenyewe. Siku ya tatu mvua ikanyesha, na yeye akamshukuru Mungu kwa mvua.

Aliyemvuta kwenye jiu-jitsu ni fundi mmoja kijana, mteja wake wa siku nyingi, mwenye masikio yaliyovimba na kujikunja kama maandazi yaliyokosewa. Alimuuliza kama alipata ajali. Kijana akacheka, akasema masikio yale ni matunda ya mchezo, akamweleza kuhusu ukumbi ulio ghorofani, juu ya duka la mazulia, ambako wanafanya mazoezi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni.

"Mzee, kule hakuna kukimbia," alimwambia. Hilo ndilo lililomwingia.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu. Alipokuwa mdogo Morogoro alikuwa anatoroka shule kwenda kwenye mabanda ya video kumtazama Bruce Lee. Siku moja baba yake alimfuata hukohuko bandani na mkanda. Hiyo nayo alikuwa anaisimulia kama kichekesho.

Daktari alimruhusu, kwa sharti aanze taratibu na asiache dawa. Akalipa ada ya mwezi mmoja, akanunua gi, yaani lile koti zito la pamba na suruali yake, akapewa mkanda mweupe. Jioni ya kwanza alimtumia mke wake ujumbe: "Nitachelewa, nipo kwenye mkeka." Mke akampigia hapohapo akijua ameanza kubeti.

Anayedhani jiu-jitsu ni karate atashangaa, kama alivyoshangaa yeye. Hakuna ngumi, hakuna teke, hakuna kuvunja tofali. Wawili wanashikana, wanaangushana, na sehemu kubwa ya mchezo inachezwa chini, mmoja juu na mwingine chini. Anayeshinda ni yule anayemfikisha mwenzake mahali pa kukosa njia, kwa kumkunja kiungo au kumpiga kabali.

Asili yake ni Japani. Jigoro Kano alianzisha judo mwaka 1882 kutokana na mbinu za zamani za kupambana bila silaha, na mmoja wa waliopita mikononi mwa shule yake, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914. Katika mji wa Belém alimfundisha kijana anayeitwa Carlos Gracie. Carlos na ndugu zake waliuchukua ujuzi ule wakaugeuza kuwa wao. Mdogo wao Hélio alikuwa mwembamba na hakuwa na nguvu za kumwinua mtu, kwa hiyo walitilia mkazo kile ambacho mwenye mwili mdogo anaweza kufanya akiwa amelala chali: kutumia miguu, nyonga na subira.

Baba wa Tabata hakuyajua hayo siku ya kwanza. Alichojua ni kwamba yeye ana kilo 98 na kwamba kwa miaka yote hiyo amekuwa akibeba gia boksi bila kumwita mtu.

Nusu saa ya mwanzo ilikuwa ya kujikokota sakafuni. Kuna zoezi la kulala ubavu, kukunja mwili na kusukuma makalio nyuma, wanaliita kamba. Si kamba ya kufungia mizigo, ni kamba yule wa baharini, maana ndivyo anavyoruka. Vijana walivuka ukumbi mzima kama wako majini. Yeye alifika katikati, akakaa.

Kisha mwalimu, kijana wa miaka kama 29, akamchagulia mtu wa kucheza naye: mwanafunzi wa chuo, msichana wa kilo 55 hivi, mwenye mkanda wa bluu.

"Shikamoo mzee," msichana akasema, akapiga magoti kwa adabu.

"Marahaba mwanangu," akajibu, akijiambia atamwonea huruma.

Alimsukuma. Msichana akaenda alikosukumwa, ila akaenda naye, na walipotua miguu yake ilikuwa imemzunguka kiunoni. Alivuta, alibana, alihema. Dakika moja na nusu ikatosha kummaliza pumzi. Kilichofuata ni kola ya koti lake mwenyewe kumkaza shingoni, na sauti ya feni kuwa mbali. Alikuwa ameambiwa nini cha kufanya. Hakufanya. Akaona nukta nyeupe, na mwalimu akampigia msichana kofi la bega: achia.

"Mzee," mwalimu alimwambia baadaye, akiwa amechuchumaa mbele yake, "hapa tuna sheria moja tu kubwa. Ukizidiwa, gonga mara mbili, kwenye mwili wa mwenzako au kwenye mkeka. Na ukigongewa, unaachia. Huulizi kwa nini, humalizii. Unaachia. Hizo nyingine zote tutajifunza polepole."

Miezi mitatu ya kwanza, kugonga ndiko alikokufanya zaidi. Kule dukani ana daftari la wadeni, na kurasa za nyuma akaanza kuandika: Jumatatu, nimegonga mara tisa. Jumatano, mara kumi na moja. Ijumaa, mara saba, ila wawili hawakuja. Anayelifungua daftari lile leo atadhani ni la mtu aliyekuwa anadaiwa.

Maendeleo ya mwanafunzi mpya katika mchezo huu ni magumu kuyaona, na wengi huacha hapo. Mikanda ya watu wazima ni mitano: nyeupe, bluu, zambarau, kahawia, nyeusi. Katikati kuna vipande vya utepe mweupe vinavyobandikwa kwenye ncha ya mkanda, hadi vinne, na kupata mkanda mweusi huchukua watu wengi miaka kumi na zaidi. Hakuna mtihani wa mwisho wa mwezi. Mwalimu anakuangalia tu. Kwa hiyo yeye alijitafutia vipimo vyake. Siku moja aligundua kwamba amekaa chini ya kijana mzito dakika nne nzima bila kushikwa na hofu. Hakuwa amemfanya lolote, alikuwa amehema tu. Mwezi wa nne alitoka chini ya mtu kwa lile zoezi la kamba. Ilikuwa mara moja, na hakujua alivyofanya, lakini siku hiyo alimnunulia konda wa daladala maji.

Mwezi wa tatu nusura aache. Ubavu ulimuuma wiki mbili, ada ilikuwa imefika, biashara ilikuwa imelala. Tena kulikuwa na uchungu mwingine usiotibika kwa dawa ya kuchua. Dukani yeye ni bosi. Nyumbani ni baba, akikohoa watu wanakaa vizuri. Pale ghorofani alikuwa wa mwisho, na waliomzidi walikuwa na umri wa kuwa watoto wake, na walimzidi huku wanamwamkia. Kilichombakiza ni ujinga wa kutaka kumfunga yule msichana hata mara moja. Na kliniki, ambako mizani ilikuwa imeshuka kwa kilo nne na nesi akamuuliza anakula nini siku hizi.

Katika siku hizo mwalimu aliwasimulia kisa cha Hélio Gracie na Kimura. Mwaka 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Hélio alipambana na Mjapani Masahiko Kimura, bingwa wa judo aliyemzidi uzito kwa mbali. Kimura aliukunja mkono wake mpaka ukavunjika, na Hélio hakugonga. Kaka yake Carlos ndiye aliyetupa taulo. Mpaka leo mkunjo ule unaitwa Kimura, na watoto wa Brazil wenyewe wanauita hivyo, jina la mtu aliyemshinda shujaa wao.

Muuza vipuri alikipenda sana kisa kile. "Huyo ndiye mwanaume," alisema.

"Ni kisa kizuri," mwalimu akajibu. "Wewe, mzee, kesho utafungua duka kwa mkono gani?"

Watu walicheka, naye akacheka. Lakini tangu siku hiyo alianza kugonga mapema, na akaanza kujifunza haraka zaidi. Anayegonga mapema anapata zamu nyingine. Anayekataa kugonga anapata plasta.

Mwishoni mwa Agosti alikuja mwanafunzi mgeni, jamaa wa miaka kama 30, mwenye kifua cha kunyanyua vyuma. Ilikuwa wiki yake ya pili. Walipangwa pamoja, na muuza vipuri, ambaye sasa alikuwa na miezi mitano na kiburi kidogo, aliteleza, akageuka vibaya, akajikuta ana mkono wa yule bwana shingoni.

Akagonga mara mbili kwenye mkono.

Mkono haukulegea. Akagonga tena, mara tatu, kwa nguvu. Bado. Akapiga mkeka kwa kiganja, akasikia kwa mbali mwalimu anapiga kelele kutoka upande wa pili wa ukumbi, ndipo hewa ikarudi.

Huenda zilikuwa sekunde tatu, huenda nne. Shingo haikumuuma sana. Kilichomkalisha pembeni jioni nzima, akiwa ameshika chupa ya maji bila kunywa, ni kitu kingine. Alikuwa amesema kile kinachotakiwa kusemwa, kwa namna inayotakiwa, na haikusaidia. Anasema katika maisha yake ya utu uzima hakuwahi kuogopa namna ile, hata siku aliyoporwa Jangwani.

Jamaa alikuja kuomba radhi. "Samahani sana mzee. Sikusikia."

Mwalimu alimsimamisha mazoezi ya kucheza na wenzake, akamwambia Jumatano aje mapema aanze somo la kwanza upya. Muuza vipuri alimpa mkono, akamwambia yameisha, akashuka ngazi.

Ndani ya daladala neno lile likagoma kushuka. Sikusikia.

Mwezi Februari, wiki chache kabla hajaanza mazoezi, aligundua kuwa mwanawe alikuwa amechukua pesa za twisheni, shilingi 60,000, akazimaliza kwenye kibanda cha magemu, na kwa wiki tatu alikuwa anasimulia nyumbani masomo ambayo hakuhudhuria. Kosa lilikuwa kosa. Hakuna mzazi ambaye damu isingemchemka. Alimwita chumbani, akachukua mkanda wa kahawia uliokuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mkanda wa ngozi ambao kwa miaka mingi haukuwa umefunga suruali yoyote.

Katikati ya kipigo kijana alisema: "Baba, basi." Akarudia: "Baba, basi. Basi."

Na baba aliongeza. Anakumbuka vizuri kwamba aliongeza, na anakumbuka sababu: alihisi mtoto anampangia.

Daladala ilipita kituo chake bila yeye kuona. Alishuka mbele, akarudi kwa miguu.

Usiku, watoto wakiwa wamelala, alimsimulia mke wake habari za yule mgeni na zile sekunde tatu. Kisha, kwa kuzunguka sana, akafika kwenye Februari. Mke alikuwa anakunja nguo. Alikunja mbili, tatu, ndipo akasema:

"Mimi pia nilisema basi, mume wangu. Nilikuwa mlangoni."

Hilo hakulikumbuka kabisa. La kijana alilisikia akaliacha lipite. La mke wake hata masikioni halikufika.

Wapo watakaosema, na wanasema kila siku, kwamba sisi wote tulichapwa na tumekua, tumeoa, tuna kazi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Yeye mwenyewe aliisema miaka mingi, na baba yake wa Morogoro aliyemfuata bandani alimsomesha kwa jasho mpaka akamaliza kidato cha nne. Lakini hoja hiyo haielezi kwa nini mtoto wa miaka sita, asiye na kosa lolote siku hiyo, akiona mkanda sakafuni anaanza kulitafuta kosa lake.

Asubuhi aliutoa ule mkanda wa kahawia msumarini. Hakuuchoma moto wala kufanya mkutano wa familia. Aliuvaa. Suruali zilikuwa zimeanza kumpwaya, hata hivyo.

Kuongea na kijana kulimchukua siku nyingine kumi. Mtu anaweza kujifunza kutoka chini ya kilo 90 kabla hajajifunza kumwambia mwanawe sentensi mbili. Jumamosi moja alimpeleka dukani kusaidia kuhesabu mzigo. Kijana alikuwa amekaa chini na boksi la plagi, anahesabu kwa midomo.

"Siku ile ya Februari," baba akasema, macho yake yakiwa kwenye rafu. "Ulisema basi. Mimi nilisikia."

Kijana alinyamaza.

"Nilisikia, na nikaendelea. Hilo lilikuwa kosa langu. Pesa lilikuwa kosa lako, ila hilo ni langu."

Kijana aliangalia boksi. Alikuwa amepoteza hesabu. Akazimwaga plagi zote kwenye gazeti, akaanza moja, mbili, tatu. Hakusema kitu mchana kutwa, na kwenye daladala ya kurudi alikaa kiti cha dirishani na vifaa vyake vya masikioni. Baba alitegemea nini? Hata yeye hajui. Pengine alitegemea kijana alie, au amwambie yamepita. Hakupata hata moja.

Yule mdogo ndiye aliyegeuza sebule kuwa ukumbi. Jioni zisizo na mazoezi alikuwa anadai afundishwe, kwa hiyo kochi likasogezwa, zulia likawa mkeka, na sheria kubwa ikawa ileile: ukigonga mara mbili, naachia. Aligonga kwa kila kitu. Alikuwa anagonga kabla hajashikwa, anagonga akitekenywa, anagonga dada yake wa miaka kumi akimkalia, na siku moja aligonga meza mbele ya sahani ya mchicha. Baba kila mara aliinua mikono juu: haya, nimeachia. Kaka yao alikuwa pembeni na simu yake, haangalii. Au alionekana kama haangalii.

Oktoba, siku ya Jumapili, kijana alirudi nyumbani saa nne kasoro usiku. Alikuwa ameaga kwamba anakwenda kujisomea kwa rafiki yake. Mama wa huyo rafiki alikuwa amepiga simu saa mbili kuuliza kama wanawe hawako Tabata. Walikuwa kibanda umiza, wanaangalia mpira.

Baba alimsubiri varandani. Anakiri kwamba wakati anamsubiri hakuwa anafikiria jiu-jitsu. Alikuwa anafikiria ajali, bodaboda, polisi, na jinsi alivyodanganywa tena baada ya yote. Kijana alipoingia getini na kuanza kueleza walivyokuwa wanasoma, baba alimkamata kola ya shati kwa mikono miwili, akamgandamiza ukutani. Mkono mmoja ulikuwa unaelekea kiunoni, na kiunoni safari hii mkanda ulikuwepo.

Kijana hakupiga kelele. Alipeleka kiganja chake kwenye mkono wa baba ulioshika kola, akagonga mara mbili.

Mikono ilifunguka. Baba anasisitiza kwamba si yeye aliyeamua, maana hasira bado ilikuwa imemjaa mpaka kooni. Mikono ilifunguka yenyewe, kama inavyofunguka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mamia ya mara, kabla kichwa hakijaulizwa. Alirudi nyuma hatua mbili. Wakabaki wanatazamana, wote wanahema.

Mama yao alikuwa amefika mlangoni. Hakusema chochote.

"Kaa hapo," baba alisema mwishowe, akionyesha kiti cha plastiki. Naye akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Iliwachukua mpaka saa sita kasoro. Ugomvi ulikuwepo, tena wa sauti. Kijana alinyang'anywa simu kwa mwezi mzima na akaambiwa kila Jumamosi atakuwa dukani mpaka Desemba, jambo ambalo aliliona ni uonevu na akalisema. Alisema na mengine pia, ya miaka ya nyuma, moja la darasa la tatu ambalo baba alikuwa amelisahau. Baba alitaka kumkatiza mara kadhaa. Mara mbili alimkatiza.

Mambo hayajanyooka. Kijana bado anaongea kwa maneno machache, na mwezi uliopita alikamatwa na uongo mwingine mdogo. Baba bado anapandisha sauti, na kuna siku mke wake humshika bega. Shinikizo la damu limeshuka hadi mahali ambapo daktari amepunguza dawa, na mizani inasoma 90. Wiki iliyofuata baada ya Jumapili ile mwalimu alimwita mbele, akabandika utepe mweupe wa kwanza kwenye ncha ya mkanda wake, wenzake wakapiga makofi. Alipofika nyumbani binti yake mdogo aliuchukua mkanda, akauvaa, akazunguka nao nyumba nzima mpaka ukaburuza sakafu yote ya jikoni.

Kijana alikuwa mezani anafanya hesabu. Bila kuinua kichwa akauliza: "Baba, yule dada wa chuo, bado anakupiga?"

"Kila Jumatano," baba akasema.

Kijana akafuta kitu kwenye daftari. "Nikija kuangalia, watanitoza?"